Kabla Hajawa Mkwe

Mangeni alikuwa tayari kushindwa na mvua, na kodi, na hata na mke wake Kevina siku zile ambazo hakuwa na nguvu za kubishana. Kushindwa na mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi ndiko alikokataa katakata.

Sisimizi wekundu walikuwa wameingia Buteba, kijiji cha Uganda kilicho mpakani na Kenya, bila hodi. Upande wa Uganda watu walisema wametoka Kenya ndani ya mbao za malori. Upande wa Kenya walisema wametoka Uganda ndani ya mikungu ya ndizi. Sisimizi wenyewe hawakuwa na pasipoti ya kuonyesha, kwa hiyo kesi ile haikuamuliwa. Watu wakawaita vichoma, kwa sababu ukiumwa na mmoja unadhani kaa la moto limekuangukia, na haiwezekani kuumwa na mmoja. Wanapanda kimya kimya mpaka wajae mguuni, kisha wanauma wote pamoja, utafikiri wamepigiwa filimbi.

Asubuhi moja Kevina alikwenda kumtazama kuku wake aliyekuwa akiatamia nyuma ya jiko. Alimkuta amesimama mbali na kiota, manyoya yamemsimama, jicho moja limevimba hadi limefumba. Vifaranga walikuwa wameanza kutoboa mayai, na kwenye kila tundu vichoma walikuwa wameingia kabla kifaranga hajatoka. Kevina alichuchumaa pale na bakuli la mtama mkononi. Alilia, tena si kidogo. Halafu akaona haya kulilia mayai, akaenda kumtafuta mtu wa kumlaumu.

"Baba Annet! Kuja uone hii kitu!"

Mangeni alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama kiota, akakohoa kama mtaalamu.

"Hii iko ya Kenya," akasema.

"Hata kama iko ya Yerusalemu! Jumamosi wageni nakuja, utawaketisha wapi? Juu ya paa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Jumamosi ile watu wa Brayo walikuwa wanakuja kutoka Busia ya upande wa Kenya kuzungumza habari ya kumuoa Annet, binti yao. Brayo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa maneno mengi na tabia njema, na Annet alikuwa amemchagua mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Mangeni alikuwa amewaalika wageni kwa sauti kubwa, na majirani wote walikuwa wamesikia.

Jioni Annet alifika kutoka Tororo, ambako alikuwa anauza dawa za mifugo na mimea katika duka moja karibu na soko. Alikiona kiota, akawatazama wazazi wake, akaketi kwa uangalifu kwenye kizingiti.

"Baba, tusogeze siku," akasema. "Hii wadudu nakufa, lakini polepole. Unachanganya dawa na chakula yao, unaweka kando ya shimo, wenyewe napelekea malkia yao huko chini. Ukimwaga kitu juu yao wanakimbia, wanachimba shimo ingine tatu."

Mangeni alitazama upande wa choo, maana alikuwa ameshamwaga kitu. Wiki iliyopita alinunua dizeli ya chupa kutoka kwa vijana wanaoichuuza barabarani, akaimwaga kwenye shimo moja karibu na choo, akawasha kiberiti. Moto ulipendeza sana. Baada ya hapo mashimo yakawa manne, na watu wa nyumba ile wakawa wanakwenda chooni mbio na kurudi mbio.

"Hiyo dawa nachukua siku ngapi?"

"Si siku. Wiki. Mwezi na zaidi."

"Mwezi! Mimi nipigie watu simu, niseme wasikuje, ati sisimizi imenifukuza kwangu?" Mangeni alicheka peke yake. "Watasema, hii mzee tukimpatia ngombe, sisimizi itabeba."

"Waambie ukweli tu. Ni watu wazuri."

Wakati huo huo simu ya Mangeni ikalia. Alikuwa Mzee Rasto, baba yake Brayo, aliyetaka kuhakikisha kwamba safari iko palepale na kwamba huko kwa kina Mangeni mambo ni salama.

"Salama sana!" Mangeni akapaza sauti. "Hapa hata nzi hakuna! Karibuni!"

Annet aliinuka akaingia ndani. Kevina alimtazama mumewe kwa jicho ambalo wanawake wa Buteba huwawekea waume zao akiba kwa siku kama hizo.

Basi Mangeni akajishughulisha. Uwanja wa mbele ya nyumba yake ulikuwa umeinama kuelekea barabarani, na mgeni akiketi pale kiti kinamsukuma mbele kana kwamba anaambiwa aende zake. Aliamua kuusawazisha. Mwisho wa shamba kulikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu, kama kila mtu wa huku anavyojua, ndio udongo. Ukiuchanganya na mavi ya ng'ombe ukausiriba, unakauka laini, haupasuki, hautoi vumbi, na mguu wa kiti hauzami.

"Kwa kichuguu hiyo vichoma imehamia," Kevina alimwonya.

"Upande ile ya mto. Mimi nachimba upande hii ya barabara."

"Kwani ndani kuko ukuta?"

Mangeni alisukuma toroli siku nzima ya Ijumaa. Alimwaga udongo, akaulainisha kwa jembe, akaupigapiga kwa ubao. Kevina, ambaye moyo wake ulikuwa unakataa lakini mikono yake haikuweza kuona kazi ikifanywa vibaya, akaja kusiriba juu. Jua lilipozama uwanja ulikuwa tambarare, umepakwa kwa mistari ya duara iliyopendeza macho. Hema la kukodi likasimamishwa, viti vya kanisa vikapangwa. Ulikuwa uwanja mzuri kuliko wote waliowahi kuwa nao, na chini yake vichoma, waliobebwa pamoja na malkia wao kwa toroli na mwenye nyumba mwenyewe, walikuwa wanatengeneza upya vyumba vyao.

*

Wageni walifika kwa bodaboda nne, wamependeza. Mbele alikuwa Mzee Rasto, mzee wa kanisa, mrefu na mkavu, kofia mkononi. Nyuma yake alikuja dada yake, Senge Roselyn, shangazi aliyemlea Brayo tangu mama yake alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa akiogopwa. Kisha Brayo, ndani ya suruali mpya ya kubana, ile ambayo vijana huivaa kwa msaada wa rafiki.

Kevina alitoka jikoni kuwapokea kwa mbali, leso begani.

"Mulembe, mkwe!" Senge Roselyn akamsalimia kwa furaha.

"Mulembe muno," Kevina akajibu, akainamisha macho kwa heshima asimwone sana Brayo. Huku ukwe si mchezo. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao huona afadhali apite kichakani. Kumwona mwenzako katika hali ya aibu ni jambo ambalo wazee husimulia kwa kunong'ona.

Msemaji wa Mangeni alikuwa Ojulong, rafiki yake wa kabila la Iteso, aliyekuwa dalali wa ng'ombe mnadani, mtu aliyeweza kukuuzia ng'ombe wako mwenyewe ukamshukuru. Ojulong aliwakaribisha wote chini ya hema, akasema kabla ya neno lolote wasimame waombe, na akampa Mzee Rasto nafasi hiyo kwa kuwa ni mgeni na mzee wa kanisa.

Mzee Rasto alifumba macho. Alianza na uumbaji wa dunia. Alipitia safina, akavuka bahari, akawakumbuka mababu wa pande zote mbili za mpaka. Watu walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa, na miguu yao imeukanyaga ule udongo mpya.

Vichoma wakaanza kupanda. Walipanda viatu, wakapanda soksi, wakaingia chini ya magauni na ndani ya suruali, kwa adabu kabisa, bila kumgusa mtu. Mzee Rasto alikuwa amefika kwenye baraka za nyumba ya Isaka ndipo walipouma.

Hakuna aliyepiga kelele. Ni maombi. Mangeni aliuma midomo na kuanza kukanyaga chini polepole, mguu huu, mguu ule, mtu angedhani ameguswa na Roho. Ojulong akatoa sauti nyembamba, akaigeuza haraka ikawa "Haleluya". Senge Roselyn alifumbua jicho moja, akamtazama kaka yake kwa hasira, maana hakuwa na dalili ya kumaliza. Mzee Rasto naye akaruka vizazi kadhaa kwa mpigo.

"... na-kwa-jina-la-Yesu-Amina!"

"Amina!" wakaitikia kwa nguvu ambayo haijasikika kanisani.

Na hapo Brayo akashindwa. Aliruka, akajaribu kukunja suruali ikakataa kukunjika. Ilikuwa imembana na vichoma walikuwa ndani, juu kabisa, wamejaa.

"Mamaaa! Zinanimaliza! Walai naungua!"

Akafungua mkanda. Mbele ya baba yake, shangazi yake, msemaji, wageni, na mama mkwe wake mtarajiwa, akaivua suruali mpya mpaka ikanasa kwenye viatu, akaanguka nayo.

Kevina hakufikiri. Alikimbia na ndoo ya maji ya kunawia, akammwagia kijana kiunoni, akapiga magoti, akaanza kumfuta vichoma mapajani kwa leso yake, kofi baada ya kofi, kama mama anavyomfanyia mtoto aliyeangukia siafu.

"Tulia! Tulia nakwambia! Wewe nachomelea chuma kila siku, sasa sisimizi nakushinda?"

Alipomaliza aliinua uso. Uwanja mzima ulikuwa unawatazama, mama mkwe amemshika mkwe wake paja.

*

Walihamia chini ya ukingo wa paa la ghala, ambako sakafu ilikuwa ya saruji, watu wakijikuna kwa siri. Brayo alikuwa amefungwa shuka. Kevina alijifungia jikoni kwa aibu, lakini dirisha la jiko lilikuwa wazi na masikio yake yalikuwa palepale. Annet alisimama mlangoni pa nyumba, mikono imekunjwa.

"Twende nyumbani," Senge Roselyn akasema. "Hakuna harusi hapa. Mama mkwe amemshika mkwe wake mwilini, mchana kweupe. Hata mkichinja kondoo kumi, hiyo haioshwi."

Mangeni alimtazama Ojulong kwa macho ya mtu anayezama. Ojulong alijikuna kifundo cha mguu mara ya mwisho, akasimama.

"Senge, mimi nauliza kitu kidogo tu. Ngombe imetajwa?"

"Bado."

"Msichana ametoka ndani, ameulizwa kama anawajua hawa watu?"

"Bado. Tulikuwa kwa maombi."

"Chai imenyweka?"

"Chai gani, na tunaungua!"

"Basi hapa hakuna mkwe." Ojulong akafungua mikono yake mitupu. "Kuko kijana ya mtu naumwa na wadudu, na mama ya mtu namsaidia. Hata kwa barabara mtu angefanya hiyo."

"Lakini nilimwita mkwe! Pale nikiingia!"

"Hiyo ilikuwa salamu. Mimi kwa mnada kila mtu naniita bosi, na sina hata ndama."

Wageni walicheka, na hata Senge Roselyn alilazimika kutazama pembeni. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na dalali mara moja. Alimgeukia Mangeni.

"Sawa. Hilo tuliache. Ndugu yangu Rasto alikupigia simu akakuuliza kama huku ni salama. Ulisema nini?"

Mangeni alitazama viatu vyake.

"Alisema hata nzi hakuna," Mzee Rasto akajibu kwa niaba yake, kwa upole.

"Hata nzi hakuna! Alijua, na akatuketisha juu yao. Mtu anayeficha kitu kinachouma wageni, ataficha nini kingine? Tutajuaje kuhusu huyo msichana?"

Neno hilo lilimchoma Mangeni kuliko yote yaliyompanda siku ile. Kule jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Annet alihisi machozi yakija na akayakataza, maana kulia wakati huo kungekuwa kukubali. Alichokitaka duniani kilikuwa kimeketi pale kimefungwa shuka, na kilikuwa karibu kupakiwa kwenye bodaboda kurudishwa Kenya.

Senge Roselyn aliinuka, akajipiga kofi kwenye shavu la mguu, akajipiga kwenye goti, kisha akasita. Alimtazama kaka yake. Watu wote walikuwa wanajikuna isipokuwa yeye.

"Rasto, wewe hukuumwa?"

"Niliumwa."

"Mbona hukuruka? Mbona hata hujikuni?"

Mzee Rasto aliizungusha kofia yake mikononi. Alikuwa mzee wa kanisa, na swali lilikuwa limeulizwa waziwazi.

"Nimezoea," akasema.

Ilichukua muda neno hilo kuwafikia wote. Senge Roselyn, ambaye aliishi kwake mjini na hakuwa amefika kwa kaka yake tangu Krismasi, alifikiwa wa mwisho.

"Umezoea wapi?"

"Nyumbani. Tunao tangu mavuno. Wamejaa upande wote wa jiko." Akamgeukia Mangeni. "Ndugu yangu, nilivyoumwa pale nikajua ni wale wale. Nikasema afadhali ninyamaze. Nilihofu mkijua hamtatupa msichana."

Mangeni aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo haikumfaa mwenyeji. "Kwa hiyo iko ya Kenya," akaanza, na Ojulong akamkanyaga.

Annet alishuka kutoka mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Brayo.

"Wewe ulijua?"

"Babe, nilijua," Brayo akasema, akiishika shuka yake isimwaibishe mara ya pili. "Nilikuwa nikuambie. Nikaogopa utakataa kuja kwetu."

"Kwa hiyo ulikuwa nanitoa kwa vichoma ya baba yangu, nanipeleka kwa vichoma ya baba yako." Akawaonyesha kidole mmoja mmoja. "Baba nadanganya simu. Mzee nadanganya na maombi. Wewe nadanganya na kukaa kimya. Mimi nauza dawa ya hii kitu kila siku, Tororo nzima naniuliza, na kati yenu hakuna hata mtu moja aliniuliza. Hata moja!"

Hakuna aliyejikuna.

"Sasa sikieni. Nampenda huyu kijana, hiyo sifichi. Lakini hakuna ngombe itatajwa hapa mpaka niketi chini, kwa udongo, hapa na kule kwenu, nikae mpaka nichoke, na nisiumwe."

Alirudi ndani. Senge Roselyn aliufuata mgongo wake kwa macho, kisha akaketi tena, polepole.

"Huyo," akamwambia kaka yake, "ndiye mtu tuliyekuwa tunamtafuta."

*

Hukumu ya Ojulong ilikuwa na mkia ambao hakuna aliyeuona siku ile. Kama Brayo hakuwa mkwe, basi alikuwa mtu tu, na mtu tu anaweza kuingia jikoni kwa mwenzake, akaketi kwenye kigoda, akala. Miguu ya Mangeni ilikuwa imevimba asiweze kuvaa viatu. Annet alikuwa kazini Tororo. Kazi ya kutega dawa kule Buteba ikawa ya Kevina na Brayo, aliyekuwa akivuka mpaka kwa baiskeli kila alipofunga karakana mapema, baada ya kutega na kwao.

Annet aliwafundisha mara moja, na hakurudia. Karanga zisagwe laini, zichanganywe na dawa kidogo tu, maana ikizidi wanaikataa. Iwekwe ndani ya vifuniko vya soda, kando ya shimo wala si juu yake, jioni jua likipoa na udongo ukiwa mkavu. Watu wasichimbe, wasichome, wasimwage maji ya moto, wasiondoe udongo mahali pamoja kupeleka pengine. Hapo alimtazama baba yake. Na majirani wote watege pamoja, la sivyo wa jirani watahamia penye nafasi.

Majirani ndio walikuwa kazi. Wanjala, wa ng'ambo ya kijito, aliwapokea akiwa amesimama juu ya kiti.

"Hii vichoma yangu imetoka kwa Mangeni," akasema. "Yeye akuje achukue."

"Mzee, wako na alama?" Brayo akamuuliza kwa heshima. "Niambie wenye ni wake nibebe, wenye ni wako nikuachie."

Wanjala alicheka mpaka akayumba, akashuka, akapokea vifuniko vyake. Kevina alijivunia kijana huyo njia nzima ya kurudi, kisha akajikumbusha kwamba si wake.

Walisaga karanga pamoja. Kevina alimkemea kwa kuingia na viatu, na Brayo akamwita "mathe" kama vijana wa kwao wanavyowaita mama zao. Siku moja alimletea tundu la kuku alilolichomelea mwenyewe, lenye miguu mirefu, na kila mguu akausimamisha ndani ya kopo la oili chafu ili vichoma wasipande. Kevina alilizunguka mara kadhaa.

"Hii umetoa wapi akili yake?"

"Niliona vile kuku yako aliumia, mathe. Ilinisumbua."

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Kevina habari za yule kuku tangu siku ile. Alimpakulia ugali wa wimbi, akaongeza samaki, akaongeza tena.

"Mama yako alikuwa napika nini?" akamuuliza.

"Sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Senge anapika chapati poa, lakini anapika na hasira."

Walicheka. Halafu Brayo akasema, akitazama sahani, kwamba hajawahi kukaa jikoni hivi na mtu akipika tu bila haraka. Kevina aligeukia moto, nao ukahitaji kuchochewa kwa muda mrefu.

Mashimo yalianza kunyamaza moja moja. Lile la chooni lilinyamaza kwanza, na watu wakajifunza upya kwenda huko wakitembea. Annet alipokuja alikagua kwa kijiti, akaridhika.

"Mama," akasema jioni moja, "unajua hii dawa ikimaliza kazi, itakuwa aje na wewe na Brayo?"

"Najua," Kevina akajibu. "Mimi si mtoto."

Lakini kesho yake Brayo alipofika na vifuniko vyake, Kevina aligusa udongo mkavu kabisa, akatikisa kichwa.

"Iko na maji bado. Wacha tuweke siku ingine. Kaa, unywe chai."

Brayo naye aligusa udongo ule ule, akasema kweli, uko na maji. Walikunywa chai mpaka jua likashuka, na usiku Kevina alijilaumu sana. Binti yake alikuwa anangoja kuolewa.

*

Annet alikwenda kwanza kwa kina Rasto. Aliketi chini karibu na jiko lao, na Senge Roselyn akaja akaketi kando yake bila kuombwa, na gauni lake la Jumapili. Walikaa mpaka wakamaliza kusengenya watu wote waliowajua wote wawili. Hakuna aliyeumwa.

Ndipo wageni wakavuka tena kuja Buteba. Uwanja wa Mangeni ulikuwa umemea nyasi kidogo. Safari hii Mangeni hakusema kwenye simu kwamba ni salama. Alisema, "Kujeni tuone," na ilimgharimu.

Annet alivunja kipande cha samaki wa kukaanga, akakiweka chini katikati ya uwanja. Kama wapo, alisema, hawatachelewa. Basi wazee wa pande mbili, waliovaa makoti, wakachuchumaa duara wakikitazama kipande cha samaki. Brayo alikuwa ameingiza suruali yake, pana safari hii, ndani ya soksi.

Walitazama. Ojulong alianza kusema kitu, wakamnyamazisha wote.

Kisha kati ya majani akatokea sisimizi mmoja. Alikuja akizungukazunguka, akapotea njia, akarudi, akafika kwenye samaki. Alikuwa mweusi, mrefu wa miguu, wale wa siku zote ambao hakuna aliyewahi kuwapa jina.

"Hii iko yetu!" Mangeni akapiga kelele.

"Ni wetu," Mzee Rasto akasema, naye amesahau alikuwa nchi gani.

Annet aliketi chini palepale, akaitandaza sketi yake juu ya udongo.

"Mzee, omba," akamwambia Rasto. "Omba vile unapenda."

Mzee Rasto aliomba. Alianza na uumbaji wa dunia na hakuruka mtu. Alipofika Amina, Annet alikuwa bado ameketi, na machozi yalikuwa yanamtoka akicheka.

"Sasa semeni hiyo ngombe," akasema.

Walisema. Ojulong alibishana kwa raha, Senge Roselyn alimjibu kwa raha zaidi, na walipokubaliana Ojulong akasimama akatangaza, "Leo ndiyo mkwe iko." Senge Roselyn akapiga vigelegele.

Brayo aliruka juu. Aligeukia mlango wa jiko, mikono yote miwili mbele, uso umejaa.

"Mathe! Umesikia?"

Kevina alikuwa amesimama pale mlangoni. Alisikia. Alivuta leso yake, akafunika uso, akampa mgongo, akaingia ndani. Mlango ukafungwa polepole. Brayo alibaki na mikono yake mbele, na ilimchukua muda kuishusha.

Kisha sauti ya Kevina ikatoka nyuma ya ukuta, imekauka na ya heshima, kama inavyotakiwa.

"Annet! Ambia bwana yako, samaki yake iko kwa sufuria ya chini. Ile kichwa. Najua yeye napenda kichwa."

Brayo aliutazama ukuta.

"Annet," akasema, kwa sauti ambayo ukuta ungeisikia vizuri, "mwambie mama asante. Mwambie asante kwa yote."

Annet alisimama kati yao na vumbi kwenye sketi yake. Hapakuwa na haja ya kupeleka kitu, kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake. Alikwenda hata hivyo, akafungua mlango wa jiko, akamwambia mama yake neno kwa neno.